Ukiskia ndege ya jeshi usitazame pale sauti inatoka

Kila mwaka ni ile ile. Wiki ya kabla ya Jamhuri, saa nne asubuhi, umeanika nguo ama uko dukani unapimia mtu mchele, alafu bila hodi anga inapasuka grraaaaa, mabati yanatetemeka, gari zilizopakiwa zinaanza kulia alamu, watoto wa nasari wanapiga nduru, na mtaa mzima umetoka nje umeinua shingo unaangalia huku na huku na hakuna mtu ameona kitu. Dakika moja haijaisha watu wanaulizana kwa simu ni bomu ama ni nini. Si bomu bana. Ni F-5, ndege za vita za Jeshi la Wanahewa, zinafanya mazoezi ya sherehe, na umezikosa kwa sababu uliangalia pale masikio yalikwambia uangalie. Kwa hii kazi masikio ni waongo.

Mimi nimezaliwa na nimekulia Eastleigh, upande ule ukipanda juu ya paa la ploti unaona ndani ndani kidogo kule Moi Air Base. Hapo ndio palikuwa uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi enzi za mkoloni kabla Embakasi haijafunguliwa 1958, saa hii ni pa wanajeshi. Sijawahi kuwa mwanajeshi na sina siri ya mtu. Mimi ni fundi wa friji, kazi yangu ni kuskiza kompresa na kujua inaumwa wapi kabla sijafungua skrubu hata moja, na nafikiri hio ndio imenifanya nipende hizi vitu. Haya nayoandika ni yale nimejifunza kwa kuzikosa ndege miaka mingi nikiwa nimesimama katikati ya kamba za nguo.

Kwanza hesabu, ni kidogo tu

Hapa ndio nitakaa sana kwa sababu ukielewa hii peke yake umemaliza nusu ya kazi. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja inaimaliza kwa sekunde 3 hivi. Kwetu sisi hio ni haraka, kwa jeti ni mwendo wa mkokoteni. Chukua F-5 inapita kwa kilomita 700 kwa saa, hio ni karibu mita 195 kila sekunde. Ikiwa kilomita moja kutoka kwako, ile sauti inaingia sikioni saa hii ilitoka kwa ndege sekunde 3 zilizopita, na kwa hizo sekunde ndege imesonga karibu mita 600. Wewe unaangalia mahali ilikuwa, ni kama kumtafuta mtu wa boda ndani ya vumbi yake na yeye ashafika kona.

Dawa ni hii. Nyoosha mkono mbele yako wote, kunja ngumi. Upana wa ngumi yako hapo mbali ni kama digrii 10 za anga, mtu mkubwa ama mdogo ni ile ile karibu karibu kwa sababu mwenye ngumi ndogo ana mkono mfupi pia. Skiza sauti inatoka wapi na inahama ikielekea wapi, alafu pima ngumi tatu mbele yake, ile upande inaenda. Macho yaanzie hapo. Ndege ya abiria inayoshuka JKIA, ule uwanja wa Embakasi, iko polepole, ngumi moja na kitu inatosha. Chopa hata ngumi moja haifiki, ndio maana chopa kila mtu huiona na jeti hakuna.

Kuna jambo la pili. Jeti hupigia kelele nyuma. Ule mngurumo mwingi hautoki ndani ya injini, unatoka pale moshi moto ukitoka kwa kasi unagongana na hewa iliyotulia huko nyuma. Kwa hivo ikija moja kwa moja kwako unaskia tu kifirimbi chembamba, kama presha kuka ikianza kushika moto nyumba ya tatu kutoka kwako, watu wengi hawakitambui kabisa kwa hizi kelele za matatu. Huo mngurumo wa kupasua mabati ukifika ujue imeshakupita. Mtu akijifunza kukishika kile kifirimbi anapata sekunde mbili tatu za kugeuka, na kwa jeti hizo ni nyingi sana, ni kama umepewa siku nzima.

Na usikimbize ya kwanza! Hili kosa nimelifanya hadi nikachoka. Siku za maonyesho huja mbili, tatu, nne. Ikikupita, badala ya kugeuka kuitafuta mkia, bakisha macho ile njia imetokea, juu kidogo ya paa za huko, mara nyingi mwenzake ako nyuma. Na hata kama zimepita zote pamoja, mazoezini zinarudi tena baada ya dakika kadhaa kwa sababu marubani wanapima muda, wanataka wafike juu ya uwanja sekunde ile ile bendi inamaliza. Kaa pale pale.

Simama wapi

Paa. Paa tu. Ukiwa chini katikati ya ploti ndefu kama za Pipeline ama Tassia sauti inagonga ukuta huu inarudi kwa ule, utaapa ndege imetoka Mombasa Road na kumbe imetoka Thika Road. Shida ya paa ni keateka, yule mtunza ploti, kwa sababu wengi hufunga mlango wa paa juu ya mambo ya wizi wa nguo, kwa hivo ongea naye mapema, sio ile dakika, ile dakika hatakuskia. Ukikosa paa tafuta uwanja wa mpira, ama daraja la miguu, mahali popote anga inafika chini karibu na ardhi pande zote. Ukisimama kwa daraja usizuie watu njia.

Macho yenyewe nayo yana ujinga wake. Ukiangalia anga ya buluu tupu ambayo haina kitu, macho yanakosa pa kushika yanajilegeza yanaanza kuona karibu, na ndege inaweza pita mbele yako ukaiona kama haipo. Kwa hivo kabla uangalie juu, kazia macho kitu cha mbali kwanza, Ngong ikiwa iko wazi, jumba la KICC, antena, hata pembe ya wingu, alafu uhame. Pia usifagie anga na macho kama unafagia ukumbi. Simamisha macho mahali, hesabu moja mbili, hamia kipande kingine. Jicho likiwa limetulia linashika kitu kinachotembea, likiwa linatembea linakosa kila kitu.

Alafu usitegemee ukubwa. F-5 ni ndege ndogo kuliko vile inapiga kelele, urefu ni mita 14 na kitu, mabawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 8 hivi, yaani kama urefu wa matatu ya abiria 33. Ikiwa kilomita 3 kutoka kwako ni nusu ya upana wa mwezi, tena hapo ni ukiiona kwa ubavu. Ikija mbele mbele ni kidoa tu na uzi wa moshi nyuma yake, na huo moshi ndio hukuonyesha kwanza kabla ya ndege yenyewe.

Jua nalo huku kwetu karibu na ikweta saa sita linakaa utosini, na ndege nyingi za sherehe hupita saa hizo za saa tano saa sita. Tumia tanki la maji lizibe jua, simama kwa kivuli chake uangalie kando. Kama una darubini usiilete karibu na jua hata kwa bahati mbaya, jicho halina spea.

Sauti gani ni nini

Sasa hapa ndio fundi wa friji anafurahia. Nitaandika zile mimi nazijua, na nitaandika vile zinalia kwangu, wewe unaeza skia tofauti.

F-5 nimeshasema, kifirimbi alafu mpasuko. Iko na injini mbili ndogo, na ikiwasha ule moto wa ziada wa nyuma, wakati mwingine unaeza ona duara mbili za rangi ya chungwa, sauti inageuka inakuwa kama mtu anararua turubai kubwa ya lori pole pole. Kenya ilianza kuzipokea 1978, baadaye zikaongezwa zingine zilizotumika kutoka Jordan, nyumbani kwake ni Laikipia Air Base kule Nanyuki. Kwa hivo watu wa Nanyuki hii makala yote ni ya kuchekesha kwenu, nyinyi mnakula chai na hizi sauti, plus chopa za jeshi la Waingereza wanaofanyia mazoezi huko.

Huey ndio mimi napenda. Hii ni chopa ya zamani, ile unaona kwa vita za Vietnam, panga la juu lina mikono miwili tu, linazunguka kama mara 324 kwa dakika, na kila mkono ukipita unapiga hewa kofi, kwa hivo ni makofi kama 11 kila sekunde. Huwezi kuyahesabu lakini unayaskia moja moja, wop wop wop wop, na hio sauti inatangulia mbele, unaeza iskia dakika nzima kabla uione. Ni kinyume kabisa cha jeti. Ndio aina ile ilianguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024 ikaondoka na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ambaye mwenyewe alianza kama rubani wa ndege za vita. Siku kadhaa baada ya hapo Huey ikipita mtaani kwetu watu walikuwa wanasimama kimya, hata wale huwa hawajali.

MD500 ni ile chopa ndogo kama yai imewekwa miguu. Panga ni fupi na linazunguka kasi, kwa hivo makofi yanashikana yanakuwa mvumo mmoja wa hasira, kama mashine ya kukata nyasi imeshuka kilima. Inageuka ghafla, inainama ubavu, ukiona chopa inaendeshwa kama boda ujue ni hio.

Spartan, C-27J, ni ya kubeba mizigo na wanajeshi, injini mbili za panga, mabawa yako juu ya mwili, tumbo nono. Mvumo wake ni mzito umenyooka, unaskia kwa kifua kabla ya masikio, kama posho mill ikiwa mbali. Y-12 ni ndogo kwake, nayo pia iko na injini mbili za panga, na alama rahisi ni kwamba magurudumu hayaingii ndani, yananing'inia safari nzima. Zile ndogo za injini moja za kufundishia, Grob, zinalia kama pikipiki iliyo mbali, watu wengi wanafikiri ni za uwanja wa ndege wa Wilson.

Na hapo Wilson ndio shida yenyewe, kwa sababu Nairobi asilimia kubwa ya kile unaskia si jeshi hata kidogo. Ni Caravan, ndege ndogo ya watalii, inaenda Mara, ni ndege ya miraa inakimbilia Mogadishu kabla majani hayajanyauka, ni nyeupe za Umoja wa Mataifa, ni chopa ya polisi, ni chopa ya mwanasiasa anaenda mazishi. Ya jeshi la wanahewa huwa imeandikwa KAF na nambari ubavuni ama mkiani, na rangi mara nyingi ni ya kufichika, kijivu ama kijani na kahawia. Nyeupe inayong'aa na mstari wa maua ubavuni, hio achana nayo.

Simu inasaidia hapa kwa njia ya kinyume. Kuna hizi programu kama Flightradar24, zinashika ishara ambazo ndege zenyewe hutuma zikisema mimi ni nani niko wapi. Ndege ya vita mara nyingi haitumi, haina haja ya kukutangazia. Kwa hivo ukiskia kitu juu, fungua ramani, na kama pale juu yako hakuna chochote kwa ramani, basi umepunguza orodha. Si ushahidi kamili, kuna ndege ndogo za raia hazionekani pia, lakini ukiunganisha na sikio unakaribia sana. Za mizigo za jeshi wakati mwingine huonekana, wakati mwingine la.

Ule mshindo wa kuvunja sauti

Kila mara mtu husema "imevunja mwendo wa sauti". Hapana. Mwendo wa sauti ni kama kilomita 1,200 kwa saa, F-5 inaeza kuupita ikiwa juu sana na imeamua, lakini haipiti hivo juu ya paa za Nairobi kwa sherehe, ingekuwa ni vioo vya madirisha vimwagike barabarani kuanzia Kariobangi hadi Tao. Mshindo wa kweli wa kupita sauti ni mkavu na mfupi, du-dum, mara nyingi mara mbili haraka kama mtu amebamiza milango miwili ya gari, alafu kimya. Kile sisi huskia ni mngurumo unaokuja ghafla na kuisha pole pole ukivuta mkia. Ukiskia unavuta mkia, ni ndege iko chini tu, haijavunja chochote.

Siku za kuzitafuta

Usingojee siku yenyewe. Siku yenyewe umekaa kwa televisheni ama uko uwanjani umefinywa na watu, hotuba ni ndefu, ndege zinapita sekunde nane. Mazoezi ndio mali. Zinapita siku kadhaa kabla, asubuhi, tena na tena, na hakuna hotuba. Kuna Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, na Jamhuri 12 Desemba. Siku hizi Madaraka na Mashujaa huzungushwa kaunti, Madaraka 2024 ilikuwa Bungoma, Mashujaa ya huo mwaka Kwale, Madaraka 2025 Homa Bay, kwa hivo kama kaunti yenu imepewa zamu, ile wiki hakikisha simu ina chaji. Nairobi tunabaki na Jamhuri zaidi, na kwa bahati nzuri Desemba ndio anga nzuri, mvua fupi inakuwa inaisha, hewa imeoshwa, unaona mbali. Juni na Julai ni lile wingu la kijivu limelala juu ya jiji kama blanketi chafu, utaskia kila kitu na hutaona hata unyoya.

Kwa kawaida chopa zinatangulia, moja ikining'iniza bendera kubwa ya taifa kwa kamba yenye uzito chini ili isijikunje, zinafuatwa na zile za panga, alafu jeti mwisho. Kwa hivo ukiona bendera imepita usishuke kwa paa kwenda kupika, bado.

Na kama unataka kuziona karibu kihalali kabisa, jeshi likiandaa maonyesho ya wazi nenda. Yale ya Mei 2022 pale Uhuru Gardens watu walipeleka watoto na blanketi, na mimi nilikuwa mmoja wa wale walirudi na shingo imekazana.

Vidio, na mambo ya kushikwa

Shika simu kwa upana, sio wima. Usivute karibu na zumu, utapoteza ndege na utabaki na vidio ya anga inayotetemeka. Gusa kitu cha mbali kwa skrini ubonyeze hapo mpaka ifunge, isiendelee kutafuta. Anza kurekodi ukiskia kifirimbi, usingoje uone. Sauti ya jeti simu haiwezi, kinasa chake kinajikaza chenyewe kinaibana, kwa hivo usishangae vidio ikitoka kama upepo kwa mkebe. Na chopa ama ndege ya panga ukiona kwa vidio panga limejipinda kama ndizi, hio ni simu inasoma picha mstari kwa mstari wakati panga linazunguka, hakuna kitu kimevunjika.

Sasa skiza vizuri. Ndege iko juu ya jiji siku ya mazoezi, piga. Kambi, usipige. Ukuta, geti, ndege zimepaki, wanajeshi wakiingia, usipige na usielekeze simu huko hata kama unapiga selfi. Mabango yako pale ukutani yanasema hilo na wale jamaa hawana haja ya kukueleza mara mbili. Rafiki yangu mmoja alikalishwa masaa manne kwa sababu ya picha ya machweo, machweo tu, lakini chini ya machweo kulikuwa na kitu hakustahili kupiga. Alitoka bila picha na bila hamu. Droni ndio usifikirie kabisa, inahitaji kibali cha KCAA, wale wasimamizi wa usafiri wa anga, hata siku ya kawaida, na karibu na ndege inayopita chini si mchezo, unaeza kuua mtu.

Na ukiwa Lamu ama Garissa ama Mandera, pale chopa ikipita si sherehe, ni watu wanaenda kazi. Mimi maoni yangu ni kwamba hizo usirushe mtandaoni wakati zinapita na mahali zinaelekea. Zipige uweke kwa simu yako, ziangalie mwaka kesho.

Waambie watu mapema

Hii sijawahi ona mtu akiiandika, na kwangu ndio hatua ya maana zaidi baada ya ile ya ngumi tatu.

Mamangu alikuwa msichana Eastleigh Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wakati wanajeshi wa wanahewa walijaribu kupindua serikali. Milio ya bunduki ilianzia karibu nao. Siku ile kule Nanyuki marubani wa F-5 waliambiwa kwa mtutu wa bunduki warushe ndege wakapige mabomu Nairobi, na wao wakaenda kuyamwaga msituni Mlima Kenya. Baadaye jeshi la wanahewa lenyewe likavunjwa likaundwa upya likaitwa '82 Air Force mpaka 1994 ndio jina likarudi. Mama haya ya mabomu aliyajua baadaye sana kama watu wote. Lakini mwili wake ulikuwa ushajiandikia. Miaka yote tukiwa wadogo jeti ikipita chini alikuwa anatushika kola anatuvuta ndani, alafu anacheka, alafu anasema ah, ni Jamhuri. Mkono wake unakuwa bado unatetemeka.

Na chini ya ploti yetu kuna mama wa kuuza vitambaa, tunamwita Habo, ametoka Hargeisa. Wale hawajui, 1988 serikali ya Siad Barre, rais wa Somalia wakati huo, ilipiga Hargeisa kwa mabomu, na ndege zilikuwa zinaruka kutoka uwanja wa ndege wa mji ule ule, zinapinduka hapo juu na kurudi kuwapiga watu wake. Leo kuna MiG moja, ndege ya vita, imewekwa juu ya mnara katikati ya mji kama kumbukumbu. Siku ya kwanza nilimuona Habo wakati wa mazoezi alikuwa amelala chini ya meza ya dukani, mtu mzima, na wateja wamesimama hawajui waseme nini. Mimi nilikuwa nimetoka paani nikiruka ruka kwa furaha kwamba nimeziona zote nne.

Kwa hivo siku hizi nafanya hivi. Nikiskia za kwanza, ama tangazo likitolewa kwamba kutakuwa na mazoezi, kabla sijapanda juu napita mlango kwa mlango. Naambia wenye watoto wachanga, kelele ni fupi haitawaumiza masikio wakiwa ndani lakini mtoto akishtukia usingizini mtalala nyinyi saa ngapi. Naambia mwenye mbwa amfunge, kuna mmoja aliruka ukuta akapatikana Mathare siku ya tatu. Naambia walinzi wa usiku ambao saa hizo wamelala. Usiseme "usiogope", hio haisaidii mtu. Sema saa, sema zitapita ngapi, sema zitarudi mara ngapi. Mtu akijua inakuja saa nne na nusu anapanga mwili wake.

Habo mwaka jana nilipomwambia aliniuliza zinatoka upande gani, nikamwonyesha, Thika Road kuja huku. Akafunga duka saa nne na robo akapanda na mimi mpaka orofa ya mwisho, hakutoka nje paani, alisimama kwa mlango akashika fremu. Nikamfundisha ile ya ngumi. Kifirimbi kilipoanza yeye ndiye alikiskia kwanza, kabla yangu mimi fundi, akainua mkono akaonyesha anga mbele kabisa ya pale mimi nilikuwa naangalia, na ndio hapo zilikuwa.